Njia ya shule kwa miguu na baiskeli: mwongozo kwa kijiji chenye jembe, panga na simu moja

Katika kilomita tatu za kwenda shule, mtoto hayuko hatarini kila hatua. Sehemu kubwa ni njia ya kawaida: mihogo, mbuzi, ua wa jirani. Hatari imejificha mahali patatu au panne tu. Ni pale njia inapokata lami, pale mahindi yanapoziba kona, kwenye kalavati jembamba, na mbele ya lango la shule boda zote zinapofika kwa dakika kumi zile zile. Mkishapajua mahali hapo kwa mita na dakika, mengi mtayamaliza wenyewe kabla ya kuandika barua yoyote.

Mwongozo huu umelenga vijiji vya Uganda vilivyo kando ya barabara zenye magari ya kupita, kama zile za Malaba hadi Tororo, Busia, Koboko na Arua. Wa ndani zaidi wenye barabara za murramu tu (udongo wa changarawe, bila lami) wanaweza kuruka habari za trela, ila wasiruke habari za mahindi.

Hatua ya 1: Tembeeni na watoto, saa yao

Chagueni asubuhi mbili na jioni mbili. Moja kati ya hizo iwe siku ya soko, maana siku hiyo barabara huwa nyingine kabisa. Watu wanne wanatosha: mwalimu, mzazi, mtu wa LC1 (baraza la kijiji) na mwendesha boda wa siteji, yaani kituo cha boda, iliyo karibu na shule. Boda asikosekane. Yeye ndiye anayejua ni wapi huwa anashtukia mtoto mbele yake, jambo ambalo mzazi hawezi kulijua.

Anzieni nyumba ya mbali kabisa, si langoni. Bebeni daftari, kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita 10, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na fimbo ya mita moja. Fimbo hiyo ndiyo mtoto wenu wa P1 (darasa la kwanza la msingi), kwa sababu macho yake yako kwenye kimo hicho. Mtu mzima akisimama kwenye njia panda huona juu ya majani ya maharage na kusema pako wazi. Achuchumae mpaka macho yake yalingane na ncha ya fimbo, ndipo atajua kwamba mtoto haoni chochote ila majani.

Kwa kila mahali pabaya andikeni mambo manne: ni wapi hasa (mita ngapi kutoka mti, duka au nguzo gani), saa ngapi, watoto wangapi wanapita, na ubaya wenyewe ni nini. "Barabara ni hatari" haitamsaidia mtu. "Njia ya kisimani inaingia lami mita 40 baada ya kona, saa 12:50 hadi saa 1:20 asubuhi, watoto 63" ni kazi inayofanyika.

Kisha waulizeni watoto wenyewe, madarasa ya chini kando na ya juu kando, na wasichana waongee na mwalimu wa kike peke yao. Watawaonyesha mbwa asiyefungwa, kilabu cha pombe ambacho wanakizunguka kwa kupita barabarani, shamba la miwa ambalo hawapendi kulipita jioni. Mtoto anayeacha njia salama na kufuata lami mara nyingi ana sababu, na sababu hiyo isipoondolewa hata njia mpya mtakayoifyeka haitatumika.

Hatua ya 2: Pimeni mwendo wa magari

Hapa simu ya kawaida inatosha. Wekeni alama mbili kando ya barabara, mita 50 kati yake: kitambaa kwenye kigingi, au chokaa kwenye ukingo. Mmoja anasimama alama ya kwanza na kushusha mkono gari likipita, wa pili yuko alama ya pili na simu. Gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60. Ikiwa mbili na robo, hilo gari linakimbia 80.

Kosa la kidole la sehemu ndogo ya sekunde huharibu hesabu ya gari la kasi, kwa hiyo penye barabara iliyonyooka tumieni mita 100 na mgawanye 360. Wapimaji wasivae majaketi ya kung'aa wala kusimama wazi, la sivyo madereva watadhani ni trafiki na mtapima adabu ya dakika moja. Pimeni magari na boda 40, myapange kutoka la polepole hadi la kasi, mtazame la 34. Huo ndio mwendo ambao asilimia 85 ya magari hayauzidi, na mhandisi wa wilaya atauelewa bila maelezo.

Sasa linganisheni na mtoto. Barabara ya mita 6 pamoja na kingo zake ni kama mita 7, na mtoto mdogo anatembea takribani mita moja kwa sekunde. Anahitaji sekunde 7. Gari la 50 kwa saa hula karibu mita 100 katika sekunde hizo, la 60 mita 120, la 80 karibu mita 160. Shikeni fimbo ukingoni, mwenzenu aende kando ya barabara mpaka atoweke machoni pa anayechuchumaa, kisha pimeni kwa kamba. Mkipata mita 60 mahali magari yanapopita kwa 80, hapo si pa kuvukia, hata kama babu zenu walivuka hapo.

Mwendo una ubaya wa pili. Dereva wa 30 kwa saa kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 13 hivi tangu aone kitu, na yule wa 50 huhitaji karibu 28. Kwenye murramu yenye changarawe juu ongezeni zaidi, maana magurudumu huteleza kama juu ya mahindi yaliyoanikwa. Ndiyo sababu azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaja kilomita 30 kwa saa pale watembea kwa miguu na magari wanapochanganyika.

Hatua ya 3: Angalieni kengele kabla ya kuangalia barabara

Hili halina gharama na ndilo linalobishaniwa kuliko yote. Mwezi Februari, muhula wa kwanza unapoanza, jua la Tororo huchomoza karibu saa 12:55 asubuhi. Arua, iliyo magharibi zaidi, ni karibu saa 1:10. Mapema Novemba jua la Tororo hutoka saa 12:25. Kwa mtoto, shule ile ile na kengele ile ile vina tofauti ya nusu saa ya giza kati ya Novemba na Februari. Na kwetu hapa karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi: nusu saa tu kabla ya jua bado ni giza.

Mwanafunzi wa P7 anayetakiwa awe dawatini saa 12:30 kwa masomo ya ziada, na nyumba yao iko kilomita tatu, anatoka saa 11:40. Anatembea gizani njia nzima, amevaa sweta la buluu nzito, huku trela zilizosafiri usiku kucha zinaendeshwa na watu waliochoka. Shule ikisogeza masomo hayo hadi saa 1:15, imeondoa hatari kubwa kuliko ile ambayo tuta lolote lingeiondoa. Kamati ya shule ikikataa kusogeza mwaka mzima, iombeni muhula wa kwanza pekee. Jioni pia: wa mbali waachiwe kwanza, wafike kwao kabla ya saa 12:30.

Asiyeweza kuliepuka giza aonekane. Utepe wa kuakisi mwanga, ule wa magari makubwa wenye upana wa sentimita 5, hukatwa vipande vya sentimita 10. Gundi yake haishiki kitambaa cha begi, kwa hiyo ushoneni kwa sindano nene na uzi wa nailoni pembe zote nne. Kipande kimoja nyuma ya begi na kimoja mbele kwenye mkanda wake. Fulana ya njano iliyoshonwa kwa gunia la mbolea husaidia mchana na wakati wa ukungu, ila usiku haina kazi: inang'aa machoni petu mchana, haimrudishii dereva taa yake.

Hatua ya 4: Panga, jembe na mazungumzo na mwenye shamba

Mahindi yakifika Mei au Juni yanampita mtu mzima kimo. Kona iliyokuwa wazi Februari inakuwa ukuta. Msiombe mwenye shamba aache ardhi tupu, mtagombana naye kila msimu. Mwombeni abadilishe zao kwenye pembe tu: maharage, njugu au viazi vitamu katika pembetatu inayoingia mita 10 kwenye njia ya watoto na mita 40 kando ya barabara, upande magari yanakotokea. Anavuna kama kawaida, na mtoto anaona. Nendeni kabla ya kupanda, si mahindi yakiwa magotini.

Njia yenyewe ifyekwe mita moja na nusu, upana wa watoto wawili sambamba. Wakipita na baiskeli pia, mita mbili na nusu. Ikiwa inafuata barabara kuu, iwekeni ng'ambo ya mtaro. Mtaro ni ukuta wenu wa bure dhidi ya gari linaloacha njia, na njia iliyo kati ya lami na mtaro itachukuliwa na boda kabla ya wiki kuisha. Mahali ambapo njia inaanzia, fukieni tairi mbili kuukuu nusu ardhini, zipakwe chokaa, na kati yake nafasi ya sentimita 65: baiskeli inapita, pikipiki inapata shida.

Kingo za lami zina maradhi yao. Murramu ya pembeni huoshwa na mvua, lami inabaki na mdomo wa sentimita 10 au zaidi. Mwendesha baiskeli aliyesukumwa nje na trela hujaribu kupanda tena kimshazari, gurudumu la mbele linasugua mdomo, usukani unakataa kugeuka, naye anaangukia ndani ya barabara, si nje. Jazeni mahali pa kuvukia na mita 20 kila upande kwa murramu yenye unyevu kidogo, tabaka la sentimita 7 kwa wakati, mshindilie kila tabaka kwa gogo zito. Mkimwaga yote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini pamelegea, mvua mbili tu itakuwa imekwenda.

Hatua ya 5: Mahali pamoja pa kuvukia, na mtu mzima wa kuvusha

Watoto 60 wanaovuka mahali kumi hakuna anayewaona. Chagueni mahali pamoja penye mita za kutosha, hata kama ni hatua 100 zaidi. Fungeni vichochoro vingine kwa miiba au ua wa matete, kwa sababu mtoto aliyechelewa hufuata ufupi.

Mvushaji awe mtu mzima, na kabla ya kuanza aende na mwalimu mkuu kwa mkuu wa trafiki wa kituo cha polisi, afahamike na afundishwe. Vifaa vyake ni kibao cha duara chenye mpini wenye SIMAMA pande zote mbili, filimbi, na jaketi lenye utepe wa kuakisi. Wanafunzi wa P6 na P7 wanaweza kupanga mstari na kushika wadogo mikono, lakini wasiingie barabarani kusimamisha gari.

Utaratibu ni huu. Watoto wanakusanyika hatua mbili nyuma ya ukingo. Mvushaji anasubiri nafasi ya kweli, hamkatizi aliye karibu kwa kibao. Anaingia peke yake mpaka katikati, anainua kibao, anawatazama madereva wa pande zote mpaka gari la kwanza kila upande limesimama kabisa, kisha ndipo anawaita. Gari lililosimama ndilo linaloficha boda inayolipita, kwa hiyo macho yake yasitulie hapo. Wanatembea, hawakimbii. Anayekimbia akianguka kiatu kinabaki, naye anarudi kukichukua. Mvushaji ndiye wa mwisho kutoka.

Penye foleni ya trela, kama zinavyojipanga karibu na mpaka, sheria ni moja na mtoto wa P1 anaielewa: "Usipouona uso wa dereva, naye hakuoni." Mbele ya kichwa cha trela, karibu na bampa, mtoto hupotea kabisa machoni pa aliye juu. Asipite hapo hata kama injini imezimwa. Ombeni polisi na madereva waache pengo la gari moja zima pale pa kuvukia, na mtoto akifika ukingo wa nje wa trela asimame tena, achungulie kushoto na kulia, maana boda hupita pande zote mbili za foleni.

Kutembea ni upande wa kulia, mkitazamana na magari, kwa sababu Uganda tunaendesha kushoto. Kwenye kona kali ya kulia hamtaonekana. Vukeni mapema, mkipita kona rudini. Tena msisimame upande wa ndani wa kona trela ikipinda: magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, hukata kona na kupanda pale mlipo.

Hatua ya 6: Msafara

Watoto wa njia moja waende pamoja, kwa saa na vituo vinavyojulikana. Mtu mzima mbele, mwingine nyuma, na kwa kila watoto wanane mtu mzima mmoja. Kwa P1 na P2 wawe watano. Wa mbele huenda kwa mwendo wa mtoto mfupi kuliko wote, wa nyuma ana orodha. Kituo kisichozidi dakika mbili. Asiyekuwepo asisubiriwe, la sivyo ndani ya wiki mbili msafara utafika umechelewa na utakufa. Wazazi wapeane zamu ya siku moja kwa wiki, sio wiki nzima, kwa sababu msimu wa kupalilia hakuna mama atakayetoa wiki nzima.

Hatua ya 7: Baiskeli

Baiskeli nyingi za vijijini ni zile nzito za Kihindi zenye breki za fimbo na magurudumu ya inchi 28. Ni imara, zinabeba gunia la mkaa, lakini hazikutengenezwa kwa mtoto wa miaka tisa. Yeye huiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande mmoja, na hawezi kutazama nyuma bila kuyumba. Anayeendesha hivyo asifike barabarani. Kipimo: aketi kwenye siti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Siti ikishushwa mpaka mwisho na bado havigusi, baiskeli ni ya dada yake. Kwenye lami peke yake tusingemruhusu yeyote kabla ya P5, hata mwenye miguu mirefu, kwa sababu chini ya miaka kumi hivi mtoto bado anakosea kukadiria kasi ya gari linalokuja.

Ukaguzi ufanyike shuleni kila Jumatatu, dakika tatu kwa baiskeli, na anayeshindwa anaiacha hapo mpaka itengenezwe.

Breki kwanza. Shika lever ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa liinuke au baiskeli ikatae kabisa. Shika ya nyuma: tairi lisizunguke. Raba ikiisha mifereji yake, ibadilishwe, maana kishikio chake cha chuma kikigusa rimu hutafuna rimu bila kusimamisha. Raba ikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu. Ikiwa mbali, zungusha nati ya kurekebisha iliyo kwenye fimbo nusu mzunguko kwa wakati mmoja, ujaribu, kisha kaza nati ya kuzuia. Wengi hukaza fimbo kwa kuipinda kwa jiwe. Hufanya kazi siku mbili, halafu fimbo hukwama na breki kubaki imeshika mteremkoni.

Mvua inabadilisha kila kitu. Rimu ya chuma ikilowa, breki hizi hushika kwa shida sana mpaka rimu ijifute. Mtoto afundishwe kubana kidogo kidogo mita 20 kabla ya mteremko, rimu ikauke, na mteremko mrefu wa lami iliyolowa ashuke na kusukuma. Anayesimamisha kwa soli ya kiatu juu ya tairi la mbele hana breki, basi.

Halafu cheni: katikati yake icheze sentimita moja hadi moja na nusu. Ikilegea zaidi hutoka anapokanyaga kwa nguvu kuvuka barabara, naye anabaki katikati. Nati za magurudumu, usukani usizunguke ukibana gurudumu la mbele kwa magoti, pedali zote mbili ziwe nzima. Pedali iliyobaki msumari tupu huteleza, na ukanyagio huo wa bahati nasibu ndio unaovunja meno. Kengele ilie.

Jambo ambalo fundi wengi hawalitaji ni mguu wa mdogo aliyepakiwa kwenye keria. Hauna pa kukaa, unaning'inia karibu na spoki, na kona ya kwanza kisigino kinaingia. Jeraha hilo ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu ngozi ya kisigino huchunwa na kupondwa pamoja. Kinga yake ni jerikani la lita 20 lililotoboka. Likateni pande mbili bapa, kila moja ipate umbo la robo duara linaloanzia kwenye habu hadi karibu na madigadi. Toboeni matundu sita kwa msumari wa moto, matatu ukingo wa juu na matatu kwenye ubavu wa fremu. Fungeni kwa waya laini kwenye vishikio vya madigadi na bomba la nyuma, ncha za waya zikunjwe kwa ndani zisichane sketi. Zungusheni gurudumu: plastiki isiguse spoki hata ikisukumwa kwa kidole. Kisha fundi afunge vijiti viwili vya kukanyagia kwenye ekseli ya nyuma, kila upande kimoja. Hapo sketi na kanzu pia zimepona.

Taa nyekundu nyuma ikiwezekana, na kwa vyovyote utepe mwekundu kwenye madigadi ya nyuma, mweupe mbele, na kipande kwenye kila pedali. Kinachopanda na kushuka hutambulika mapema kuliko kinachotulia.

Mafunzo yafanyike uwanjani, saa moja kwa wiki, wiki nne. Jerikani tupu tano, mita tatu kati yake: apite kwa kuzunguka bila kukanyaga chini. Filimbi ikilia, asimame ndani ya mita tano. Atazame nyuma kupitia bega la kulia, aseme mwalimu ameinua vidole vingapi, bila kutoka kwenye mstari wa chokaa. Hili la tatu ndilo linalowashinda, nalo ndilo linalookoa, kwa sababu magari yanatoka nyuma upande huo. Mwisho anyooshe mkono mmoja kwa sekunde tatu akielekea mbele. Asiyeweza manne haya asukume baiskeli kwenye lami na kuipanda kwenye njia ya ndani.

Na baiskeli huenda kushoto, pamoja na magari. Watoto huchanganya na sheria ya kutembea, wakaendesha kulia wakidhani ni salama. Kwa anayetembea ni kweli. Kwa baiskeli, inamkuta boda inayotoka kichochoroni na dereva anayetazama upande mwingine tu.

Boda langoni

Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja kwa pikipiki, na kila mtu anaona wanne hadi watano wa sare moja. Kelele haitasaidia ikiwa wazazi ndio wanaolipa hivyo. Nendeni kwa mwenyekiti wa siteji, mkiwa na mwalimu mkuu na mzee mmoja wa kijiji, kwa heshima: "Bwana mwenyekiti, hawa watoto ni wako pia. Tunaomba mambo mawili kwanza: mushushie kwenye mwembe, si langoni, na kuanzia kwenye mwembe mpaka shule mwendo wa mtu anayekimbia." Mambo mawili yanayoonekana kwa macho, basi. Idadi ya abiria zungumzeni na wazazi kwenye kikao cha muhula. Mahali pa kushushia pawe mita 50 hivi kutoka langoni, na boda igeuze bila kurudi nyuma kati ya watoto.

Bondeni, maji yakijaa

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kalavati la bondeni huzidiwa. Simikeni nguzo pembeni, nyeupe chini na nyekundu kuanzia sentimita 15 juu ya njia. Maji yanayokimbia yakigusa nyekundu, au yakiwa machafu kiasi kwamba ukingo hauonekani, watoto wanarudi nyumbani. Mwalimu mkuu atangaze mbele ya wazazi kwamba siku hiyo hakuna kiboko cha utoro. Bila tangazo hilo nguzo yenu ni pambo, kwa kuwa mtoto anaogopa kiboko kuliko maji.

Daraja la magogo likitengenezwa, mbao zilale kukingama, si kwa urefu, na nafasi kati yake isizidi upana wa kidole. Mbao za urefu huacha ufa unaomeza tairi la baiskeli. Mikono miwili ya kushikia: mmoja sentimita 90, mwingine 55 kwa wadogo. Kila mwanzo wa muhula chomeni magogo kwa ncha ya panga pale yanapoingia ardhini. Mchwa huanzia hapo, juu panabaki pazuri.

Matuta na vibao: barua moja, kwa ofisi sahihi

Msijichimbie tuta. La udongo huoshwa au kusombwa na greda. La lami lisilo na rangi wala kibao huangusha boda usiku, na aliyelijenga bila ruhusa ndiye atakayeulizwa. Kwanza jueni barabara ni ya nani: njia za jamii ni za gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), za wilaya ziko kwa mhandisi wa wilaya, na barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barua ya barabara kuu ikipelekwa gombolola italala kwenye faili.

Iwe ukurasa mmoja: mahali, watoto wangapi wanavuka katika nusu saa, mwendo wa gari la 34, mita mnazoona, na mnachoomba. Ombi la tuta liseme urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 kwa umbo la mgongo wa kobe, ambalo hushusha magari hadi karibu 30 bila kumrusha abiria, pamoja na mistari myeupe na vibao pande zote mbili. Tuta fupi na kali kama gogo madereva hulikwepa kwa pembeni, yaani juu ya watoto. Ambatisheni muhuri wa LC1 na sahihi ya mwalimu mkuu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na vikao vya bajeti huanza karibu Oktoba na Novemba, kwa hiyo barua iwe imefika mezani Septemba. Ya Mei husifiwa, kisha huambiwa fedha zimekwisha pangwa.

Kibao cha chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ombeni kiwekwe kwenye nguzo ya zege, kitobolewe matundu kadhaa kisifae kuuzwa kama bati, na nyumba iliyo karibu ipewe kazi ya kukitazama.

Tuta likijengwa, ngojeni wiki tatu madereva walizoee, kisha mrudi na kamba ile ile na mpime magari 40 mahali pale pale. La 34 likiwa bado juu ya kilomita 40 kwa saa, tuta liko mbali mno na kivuko au mistari imefutika. Peleka hesabu zote mbili, ya kabla na ya baada, kwa mhandisi yule yule.